Walisema Nimembemenda Mwanangu

Mwezi uliopita mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama hapa Chemchem alinisimamisha njiani, akaniomba nije kikaoni niwafundishe wazazi wadogo namna ya kulea. Alisema watoto wangu wamenawiri, wanacheka, hawaugui ovyo, kwa hiyo lazima nina siri. Nikamwambia sina siri, nina hasira. Akacheka, akidhani natania.

Siku ya kikao nikaenda. Nikamkuta mwenzetu mmoja ameshaanza kusoma kwenye simu orodha ya vyakula vya kumpa mtoto akili, na cha kwanza ni samaki fulani wa bahari za baridi, ambaye pale hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtia machoni. Jamani! Tabora hii yenye karanga, yenye asali, yenye maembe mpaka yanaoza chini, yenye dagaa wa Kigoma wanaoteremshwa stesheni kwa magunia, mtu mzima anatusomea habari za samaki wa Ulaya, na wenzangu wanaandika kwenye madaftari. Nilivumilia mpaka chai ilipopita, nikasimama, nikaanza kuwasimulia yaliyonikuta na binti yangu wa kwanza. Sikufika mwisho. Nilishikwa na kilio cha ghadhabu, na mwenyekiti akaona heri afunge kikao kwa sala.

Basi acha niyaandike, maana kwenye karatasi hakuna wa kunifungia kikao.

Binti huyo nilimzaa hapa hapa mjini. Alikuwa mnene, mwenye mikunjo mapajani, na mimi nilikuwa na maziwa mpaka yanalowesha gauni. Kliniki sikukosa hata mwezi mmoja. Kwenye kadi yake nukta zilikuwa zinapanda vizuri ndani ya ile rangi ya kijani, na muuguzi aliyekuwa akimpima alizoea kumwita bonge. Alipofikisha miezi mitano, mume wangu akapata kazi ya kufunga nondo kwenye kambi ya reli mpya, kule Tura. Kambini hakukuwa na nafasi ya familia. Tukakubaliana niende kwao kijijini, mbele kidogo ya Isikizya, nikae na wazazi wake mpaka kazi itulie. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipanda bodaboda mwenyewe, begi mbele, mtoto mgongoni, nafurahi.

Mama mkwe wangu tunamwita mayu, yaani mama, kwa Kinyamwezi. Si mwanamke mbaya, na hilo ndilo linalonikera, kwa sababu mtu mbaya ningemwogopa tangu mapema. Anaamka kabla ya majogoo, analima kama vijana, na akikusalimia anakuuliza habari za kwenu mmoja mmoja mpaka wamalizike. Siku niliyofika alinichinjia kuku. Firigisi na kifua akapewa baba mkwe, mapaja wakapewa jirani waliokuja kunilaki, na mimi ninayenyonyesha nikapata shingo na mchuzi. Nikala shingo yangu, nikashukuru. Mjinga hana kengele.

Ile ilikuwa nyumba yenye neema. Kuku walikuwa wanataga mpaka chini ya kitanda, lakini mtoto hali yai, eti akila yai atakuwa mwizi. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa yanakwenda Isikizya kila asubuhi kuuzwa. Karanga zilijaa magunia manne, ila zile ni mbegu, haziguswi. Asali ni ya mgeni. Kila kilichokuwamo kilikuwa na mwenyewe, na mwanangu alipofika umri wa kuanza kula alichobakiwa nacho ni uji mweupe wa muhogo. Mayu alikuwa anaukoroga vizuri, mwepesi, hauna donge hata moja. Akawa anasifu: “Ona alivyoshiba, tumbo linang'aa.”

Na mimi nilikubali. Nilikuwa na kadi ya kliniki kwenye begi, imeandikwa waziwazi kwamba mtoto apewe yai, apewe karanga za kusaga, apewe mboga na dagaa. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Lakini mkwe wako anapokuambia kitu nyumbani kwake, unatoa karatasi umsomee? Thubutu. Nilinyamaza kwa heshima, na heshima hiyo sasa nikiifikiria natamani kujichapa kofi.

Ukaingia msimu wa kuvuna tumbaku. Wote tulikuwa shambani tangu alfajiri, tunachuma majani, tunayafunga kwenye vijiti kwa ajili ya kukausha. Tumbaku mbichi ina utomvu mchungu unaoganda mikononi kama lami, na huwezi kumshika mtoto nao, wala kushika ziwa, mpaka uoge kwa majivu na maji mengi. Maji yako mbali. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kunyonya kila anapolia akawa ananyonya asubuhi, mchana mara moja, na jioni. Katikati anapewa uji ule unaong'arisha tumbo. Miezi miwili ikapita hivyo.

Mume wangu alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi. Anashuka stesheni ya Tabora, anachukua bodaboda, anafika na sabuni, sukari na mkate. Mara ya kwanza hakumshika mtoto, akasema ana mafua. Mara ya pili akasema mikono ina kutu ya nondo, na kweli ilikuwa nayo. Mara ya tatu alisimama mlangoni akamwangalia mtoto kwa mbali, macho yamemwiva, akatoka kwenda kumsaidia baba yake kufunga tumbaku. Niliona, nikaumia, lakini nikajipa moyo kwamba wanaume wa huku ndivyo walivyo, mtoto mchanga ni wa mama, watajuana akianza kutembea.

Mtoto akaanza kupungua. Ile mikunjo ya mapajani ikalegea ikawa ngozi tupu. Nywele zikageuka rangi ya udongo. Akawa hataki kukaa, ukimkalisha anaanguka upande, na alipolia sauti ilikuwa nyembamba, haina nguvu ya kukasirika. Siku moja mayu akamchukua, akambonyeza miguu, akamgeuza, akambonyeza mgongo. Kisha akaniuliza, polepole kabisa, nimelala na nani.

Nilidhani nimesikia utani. Nikacheka.

Asiyejua kubemenda nimweleze, ingawa kwa huku sidhani kama yupo. Watu wanaamini kwamba mtoto anayenyonya, mzazi wake mmojawapo akitoka nje ya ndoa halafu akamshika, joto la ile dhambi linamwingia mtoto. Analegea miguu, anakonda, hatembei, na asipotibiwa anakufa. Wanasema mzazi mmojawapo. Lakini kama mnavyojua, likitokea, baba hatafutwi. Anatafutwa mama. Maziwa ni ya nani? Mgongo ni wa nani? Basi mhalifu amepatikana.

Niliapa kwa jina la Mungu, nikaapa kwa marehemu baba yangu. Mayu hakugomba wala kupaza sauti. Alisema yeye hataki kunihukumu, anachotaka ni mjukuu wake apone, na jambo la kwanza ni kumwachisha ziwa siku ile ile, kwa sababu maziwa yangu yameshakuwa machafu.

Nataka mwanamke yeyote anayesoma hapa asimame kidogo. Mtoto ana njaa. Kilichobaki cha maana kinachoingia tumboni mwake ni maziwa ya mama yake, mara tatu kwa siku. Na watu wazima, wenye upendo, wanaompenda kweli, wanakaa wanaamua kumnyang'anya hata hicho. Nami nikafunga kifua kwa khanga, nikaikaza, maziwa yakawa yanachuruzika mpaka tumboni na mwanangu ananiparura kifuani kwa kucha zake ndogo. Nilimgeuza uso asinione. Nilifanya mwenyewe kwa mikono yangu, hakuna aliyenishika.

Mtaniuliza kwa nini sikukimbilia kliniki. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua hilo, nilifundishwa shuleni. Lakini mnaujua ule mzani. Unaning'inia kwenye boriti pale barazani, mtoto anavalishwa kaptula yenye mikanda, anatundikwa mbele ya wanawake wote waliokaa kwenye benchi, na namba inasomwa kwa sauti ili mwingine aandike. Mtoto bonge akitundikwa, benchi zima linatabasamu. Akitundikwa aliyekonda, watu wanajifanya kurekebisha khanga zao, na mmoja anamsogelea mwenzake sikioni. “Kabemenda huyo.” Nayajua maneno hayo kwa sababu niliwahi kuyasema mwenyewe, hapa Chemchem, mwanangu akiwa bonge na wa mwenzangu akiwa mifupa. Yule mwenzangu hakurudi tena kliniki mwezi uliofuata. Sikumuuliza aliko. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kwa hiyo sikwenda kwenye mzani. Nilikwenda kwa mganga, na mayu ndiye aliyenipeleka.

Alikuwa bibi mmoja mzee, mpole, ng'ambo ya mto mkavu, nyumba safi imefagiliwa. Nilimpa shikamoo akaniitikia vizuri, akaniletea kigoda. Alichemsha mizizi, tukaogeshwa mimi na mtoto. Akasema dawa yake ni ya uhakika, ila ina sharti moja: mama amtaje mwanaume. Bila jina, joto haliwezi kutoka, linabaki limejificha. Nikasema sina wa kumtaja. Akasema nirudi baada ya siku tatu nikiwa nimefikiri. Tukarudi. Nikasema tena sina. Mayu njiani hakuongea na mimi, alikuwa anaongea na mtoto, anamwambia avumilie, mama yake ana moyo mgumu.

Mara ya tatu tulikwenda asubuhi, jua limeshachomoza. Mwanangu alikuwa mgongoni na sikuhisi uzito wake. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nilipomshusha, kichwa kilianguka kwenye mkono wangu na macho yakabaki nusu wazi. Bibi akamtazama, akamtazama mayu, kisha akaniambia kwa huruma kabisa, “Mwanangu, kumficha mwanaume ndiko kunakomuua huyu. Mtaje apone.”

Nikamtaja.

Sikuwa na mtu, kwa hiyo nilitengeneza. Nikasema kulikuwa na muuza vyombo vya plastiki aliyepita na pikipiki wakati wengine wako shambani, ambaye jina lake silijui na hajarudi. Nilisema mbele ya mama mkwe wangu, mtoto wangu amelala mapajani, macho makavu. Mayu akafunika uso kwa khanga akalia. Bibi akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akasema vizuri sana, sasa huyo muuza vyombo atafutwe aje naye aogeshwe, maana bila yeye dawa inafanya kazi nusu.

Lo! Nimlete nani? Nimtoe wapi mtu ambaye hajawahi kuzaliwa? Nilikaa pale kwenye kigoda nimejipaka matope mwenyewe kuanzia utosini, na mtoto bado anakufa.

Mayu alimpigia mwanawe simu siku ile ile, akamwambia aje, mkeo ameungama. Kesho yake mchana akafika. Nilijiandaa kupigwa. Nilijiandaa kufukuzwa, nguo zangu nilikuwa nimeshazikunja. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, akasimuliwa yote na mama yake, muuza vyombo na pikipiki yake, na muda wote alikuwa anatazama sakafu. Mwisho akasema neno moja tu, “Basi.” Hakuniuliza kitu. Hakunitukana. Kwa ujinga wangu nilimwonea huruma, nikadhani maumivu yamemziba koo. Mtoto alikuwa kwenye mkeka hatua mbili kutoka miguuni pake na hakumgusa.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikiwa sina aibu. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa imekwisha yote, kama kibaba cha unga kilichotumika. Nilikuwa nimeshaitwa malaya na mama mkwe, na mganga, na bila shaka na jirani wote mpaka kisimani. Mzani wa kliniki ungeniongezea nini? Nikaoga, nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoa kadi kwenye begi nikaishika mkononi kila mtu aione. Nikapita mbele ya mayu nikamwambia nakwenda kituo cha afya, anayetaka kunizuia aje na panga. Hakuna aliyekuja. Mume wangu akanifuata nyuma mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda mbili, akapanda ya pili.

Benchi lilikuwa limejaa. Nikamtundika mwanangu mwenyewe. Namba iliposomwa hakuna aliyenong'ona, walinyamaza tu, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi. Muuguzi alikuwa binti mdogo, huenda nimemzidi miaka sita, saba. Alichukua kadi akatafuta nukta ya mwisho, ya alipokuwa na miezi mitano, kisha akaweka mpya, mbali sana chini, ndani ya nyekundu. Akaniuliza mtoto anakula nini. Nikasema uji. Uji wa nini? Muhogo. Una nini ndani? Sukari kidogo. Ananyonya? Nimemwachisha. Kwa nini? Hapo nikashindwa, nikatazama chini, na yeye hakuhitaji jibu, alikuwa ameshalisikia mara nyingi.

“Mama, mtoto hajabemendwa,” akasema. “Mtoto ana njaa.”

Njaa! Katika nyumba yenye magunia manne ya karanga. Nilitamani anitukane, ningeweza kubeba tusi. Neno lile dogo sikuliweza.

Tulilazwa wiki mbili na siku kadhaa. Walianza kumpa maziwa maalumu kwa kikombe, kidogo kidogo, kwa saa, na uvimbe ulipokwisha wakaanza kumpa chakula cha kwenye pakiti, kitamu, cha kahawia. Nikageuza pakiti nikasoma kilichomo. Karanga. Na maziwa, na mafuta, na sukari, lakini cha kwanza kabisa ni karanga. Nilicheka peke yangu wodini mpaka mwanamke wa kitanda cha pili akadhani nimepata habari za msiba. Muuguzi alinirudishia mtoto ziwani pia. Alisema maziwa hayachafuki, na yaliyokauka yanarudi mtoto akinyonya. Siku nne hayakuja. Ya tano yakaanza, na mwanangu alivyoshika hakuniachia, alinyonya mpaka akatoka jasho la pua.

Kama kuna mafundisho mliyoyataka kwenye kile kikao, ni haya na hayana samaki wa Ulaya. Yai mpe mtoto. Karanga saga, tia kwenye uji. Dagaa twanga. Firigisi ya kuku mnyofolee yeye, babu ameshakua, haongezeki kimo. Usimwachishe ziwa kwa sababu ya maneno ya watu. Mshikeni, wote wawili. Na akikonda, mpeleke kwenye mzani hata kama benchi zima litageuka kukutazama, na wewe uliyeko benchini, funga mdomo wako.

Siku ya kuruhusiwa mume wangu alikuja kutuchukua. Muuguzi akatukalisha wote wawili, akaeleza chakula cha nyumbani, akaeleza tarehe za kurudi. Akasema pia, kwa sababu alijua tunakorudi, kwamba mambo ya joto la wazazi ni maneno matupu, mtoto hawezi kudhoofika kwa sababu ya tendo la mzazi, anadhoofika kwa kukosa chakula au kwa ugonjwa. Nilikuwa namfunga mtoto mgongoni. Ndipo mume wangu akakohoa.

“Samahani, muuguzi. Kwa hiyo hata kama, tuseme, baba ndiye aliyetoka nje, halafu akamshika mtoto, mtoto hapati kitu?”

“Mtoto hapati kitu, baba,” muuguzi akajibu huku anaandika kwenye daftari lake. “Ila wewe unaweza kupata, ukamletea mkeo. Mnataka kupima?”

“Hapana,” akasema. “Nauliza tu.”

Nauliza tu. Mikono yangu ilikuwa kwenye fundo la khanga na ikabaki pale pale. Mafua. Kutu ya nondo. Kusimama mlangoni macho yamemwiva. Lile “basi” lake kwenye kiti cha baba yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekihurumia.

Nikamwambia muuguzi tunataka kupima, wote wawili, sasa hivi. Tulipima, na Mungu alitusitiri. Nje, chini ya mwarobaini wa kituo, nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa kwanza alipofika Tura, mwanamke mmoja mpika chakula wa kambini. Akasema alipoona mtoto anakonda alijua ni yeye, aliamini kabisa ni yeye, ndiyo maana hakuthubutu kumshika asimmalizie. Alikuwa analia. Akasema, “Nilikuwa namlinda.”

“Ulikuwa unamlinda yeye,” nikamwambia. “Na mimi?”

Mtu huyu alikaa anasikiliza mama yake akisimulia habari za muuza vyombo, akijua kwamba kama kuna mwenye dhambi ni yeye, akijua dawa ya mganga inataka jina na jina lake ndilo linalotakiwa. Kwa imani yake mwenyewe, neno lake moja lingemponya mtoto. Akalimeza. Akaniacha nilivae mimi. Tura na joto lake nimeshamsamehe, sikilizeni vizuri, hayo ya Tura yana dawa. Hili la kukaa kimya bado linanipandisha damu mpaka leo ninapoandika, na yeye yuko uani anarekebisha baiskeli ya mtoto. Wanasema hasira hasara. Mimi hasara ilitangulia.

Tulifika kijijini mchana. Mayu alikuwa barazani anabangua karanga, amenyoosha miguu, ungo mapajani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akamtazama mjukuu aliyekuwa anamtumbulia macho mazima juu ya bega langu, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. Akauliza wamesema nini. Mume wangu akasema wamesema ilikuwa njaa. Mayu akatikisa kichwa, akasema njaa haiwezi kuwa, uji ulikuwapo, na kama mtoto amepona basi ni kwa sababu mama yake alimtaja yule mtu, hata nusu ya dawa imefanya kazi.

Nikamshusha mtoto mgongoni. Nikamkalisha mapajani mwa baba yake, nikaishika mikono yake nikaizungusha kiunoni mwa mtoto, maana yenyewe ilikuwa imening'inia. Nikamwambia aseme.

Akasema, “Mayu, hakukuwa na mtu wa vyombo. Ni mimi, kule Tura.”

Mayu alibangua karanga moja, akaitupa kwenye ungo, akabangua nyingine. Akasema mwanaume ni mwanaume, na kukaa mbali na mke ni kazi. Akasema ashukuru Mungu mtoto amepona. Ilimchukua pumzi mbili kumsamehe. Halafu akainua uso akanitazama mimi, na kwenye macho yake kulikuwa na uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

“Na wewe, kwa nini ulitudanganya?”

Miezi yote ile nilikuwa nimemeza mate kwa heshima, na siku ile hayakumezeka.

“Kwa sababu mlisema bila jina mwanangu atakufa,” nikamwambia. “Ningemtaja mtu yeyote, mayu. Ningemtaja mume wako.”

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Mimi sikuomba radhi, na mpaka leo sijaomba. Mtoto alikuwa amegeuka kumtazama aliyempakata, akaona uso asioujua, akaanza kupiga kelele, kilio kikubwa chenye nguvu, miguu inarusha teke, machozi tele. Mume wangu akaninyooshea mtoto nimpokee. Sikumpokea. Nikamwambia ni wake, amshike hivyo hivyo mpaka amzoee, kisha nikachukua ndoo nikaenda kuoga.